Mpaka uliotatiza safari ya Uingereza kujitoa Ulaya

UINGEREZA ilijiondoa rasmi katika Muungano wa Ulaya saa tano usiku wa Januari 31, 2020, baada ya uanachama wa miaka 47. Ndilo taifa mwanachama la pekee lililowahi kuuhama muungano huo.

Hata kuingia hakukuwa rahisi. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliikatalia mara mbili, 1963 na 1967, nayo ikakubaliwa mwaka wa 1973. Miaka miwili baadaye, asilimia 67 ya wapigakura waliamua ibaki.

Mambo yaligeuka katika kura ya maamuzi ya Juni 23, 2016. Asilimia 51.9 walitaka kuondoka, 48.1 wakataka kubaki. Waziri Mkuu David Cameron, aliyeitisha kura hiyo akitumai kuzima malumbano katika chama chake cha Conservative, alijiuzulu.

Swali lililoulizwa lilikuwa fupi: kubaki au kuondoka? Halikueleza kuondoka kwa namna gani, na hapo ndipo viongozi walipokwama.

Kizingiti kikuu kilikuwa Ireland. Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, ilhali Jamhuri ya Ireland ni mwanachama wa muungano. Kati yao upo mpaka wa takriban kilomita 500, ambao baadhi ya wakulima wana mashamba pande zake zote mbili. Katika mapigano ya miongo mitatu yaliyoua zaidi ya watu 3,000, mpaka huo ulilindwa na wanajeshi. Baada ya mkataba wa amani wa 1998 vizuizi viliondolewa, na hakuna aliyetaka virudi. Lakini nchi ikitoka katika forodha ya pamoja, ni lazima bidhaa zikaguliwe mahali fulani.

Bi Theresa May alipendekeza Uingereza nzima isalie katika mpango wa forodha na Ulaya hadi suluhu ipatikane. Bunge liliukataa mkataba wake Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202.

Mrithi wake, Bw Boris Johnson, aliuhamishia ukaguzi baharini. Ireland Kaskazini iliendelea kufuata kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, na mizigo kutoka England, Scotland na Wales ikawa inakaguliwa bandarini. Wanaotetea umoja na Uingereza waliona wametengwa na nchi yao wenyewe, bila shaka si malalamiko ya bure. Chama chao kikuu, DUP, kilisusia serikali ya pamoja ya Belfast kuanzia Februari 2022 hadi Februari 2024, ingawa makubaliano ya Windsor ya 2023 yalikuwa yamepunguza ukaguzi wa bidhaa zisizovuka kwenda Jamhuri.

Si Ireland pekee iliyohitaji mpango mpya. Maua na mboga za Kenya zilikuwa zikiingia Uingereza bila ushuru kupitia taratibu za Ulaya, ambazo zingekoma mwisho wa 2020. Majirani wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wangelindwa kwa kuhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi. Kenya haimo katika kundi hilo, hivyo ikatia saini mkataba wake na London mwezi Desemba 2020, majuma machache kabla ya muda kuisha.