Rehani Iliyokufa: Asili ya Neno «Mortgage»

Wale kati yetu waliojifunza Kiingereza kidogo wamekwisha kukuta katika magazeti ya lugha ile neno «mortgage». Maana yake ya leo yajulikana: mtu anakopa feza ya kununua nyumba, na nyumba ile ile yawekwa rehani, asipolipa, mkopeshaji anaweza kuiuza ili apate haki yake. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa Uingereza. Ni Kifaransa cha zamani, nalo lina sehemu mbili: «mort», ndiyo kusema kufa, na «gage», ndiyo kusema rehani. Basi, mortgage ni rehani iliyokufa. Kwa nini watu walitaja kifo katika mambo ya feza? Ni kitu gani kilichokufa? Ulizo hilo si mchezo wa maneno. Ndani yake mna shauri la haki, ambalo Kanisa lilikata zaidi ya miaka 800 iliyopita, na ambalo halijakwisha katika vijiji vyetu.

Tutazame kwanza desturi yenyewe. Katika Ulaya ya karne ya 11 na ya 12, utajiri karibu wote ulikuwa mashamba, na feza ilikuwa haba. Mtu mkubwa mwenye haja ya feza nyingi hakuwa na banki ya kwendea. Alimwendea mwenye feza, akamtia mkononi shamba, au kinu, au ngome, mpaka siku ya kulipa. Mwaka wa 1096 Robert, mtawala wa Normandie, aliweka rehani utawala wake mzima kwa ndugu yake William Rufus, mfalme wa Uingereza, apate marki 10,000 za kwenda katika Vita vya Msalaba. Mfalme alikusanya feza hiyo kwa kuwatoza watu wake kodi nzito. Mwaka ule ule Godefroid de Bouillon alimwachia Askofu wa Liège ngome yake ya Bouillon, iliyo leo katika inchi ya Ubelgiji. Hakurudi kuikomboa: alikufa Yerusalemu mwaka wa 1100.

Tena wakopeshaji hawakuwa wafalme tu. Monasteri nyingi, zaidi sana katika Normandie, zilikuwa na akiba, nazo zilikopesha watu wa jirani kwa rehani ya mashamba.

Sasa tupambanue. Rehani hizo zilikuwa za namna mbili. Tuseme mtu alikopa marki 10, akatoa shamba lenye kuzaa marki 2 kila mwaka, gharama za kulima zikiisha kuondolewa. Katika namna ya kwanza, mazao yalihesabiwa kuwa malipo. Baada ya miaka 5 deni limekwisha, shamba linarudi kwa mwenyewe. Hiyo waliiita rehani hai, kwa sababu shamba linafanya kazi ya kumkomboa bwana wake. Katika namna ya pili, mkopeshaji alikula mazao yote, na deni halikupungua hata kidogo. Baada ya miaka 5 amekwisha kupata marki 10. Baada ya miaka 20 amepata 40. Hata hivyo anadai zile 10 za kwanza. Shamba lingali linazaa, lakini kwa mwenye deni ni sawa na maiti. Hiyo ndiyo rehani iliyokufa.

Kila mtu aliona ya kwamba mazao hayo ni riba iliyovaa nguo nyingine. Riba ilikatazwa na Kanisa wazi wazi, lakini mkopeshaji aliweza kusema: «Mimi sikumwomba hata senti moja ya ziada, ninalima tu shamba alilonipa.» Papa Aleksandri III hakukubali neno hilo. Katika Mtaguso wa Tours, katika Ufaransa, mwaka wa 1163, iliamriwa hivi: mapadri na wamonaki wasikopeshe tena kwa namna hiyo. Aliyekwisha kupata mazao yanayotosha deni lake, gharama zikiisha kuondolewa, amrudishie mwenyewe shamba lake. Walitoa ruhusa katika jambo moja tu, yaani mali ya Kanisa iliyokuwa mikononi mwa walei, ambayo iliweza kukombolewa kwa njia hiyo. Tuangalie vema ni nani walioonywa. Mtaguso ulisema waziwazi juu ya watu wa Kanisa wenyewe, hasa walioacha malimwengu, ambao waliogopa riba ya wazi na kuifanya kwa siri.

Katika Uingereza, kitabu cha sheria kinachoitwa kwa jina la Ranulf de Glanvill, mwamuzi mkuu wa mfalme Henry II, kiliandikwa kwa Kilatini kati ya 1187 na 1189 hivi. Nacho kinapambanua sawasawa. Rehani ambayo mazao yake yanapunguza deni ni ya haki. Ile nyingine, iliyokufa, si ya haki wala ya heshima. Baraza la mfalme halikatazi mapatano hayo, lakini mkopeshaji akifa katika hali hiyo anahesabiwa kuwa mla riba, na mali yake inakwenda kwa mfalme. Basi, sheria ilimwacha mzima ale, ikamhukumu maiti.

Kisha desturi ikageuka, na neno likabaki. Katika karne ya 15 mwamuzi Thomas Littleton, aliyekufa mwaka wa 1481, alieleza mortgage kwa njia nyingine. Siku zake mwenye deni alimpa mkopeshaji shamba kuwa lake kabisa, kwa sharti moja: feza ikilipwa siku iliyotajwa, shamba litarudi. Asipolipa siku ile, alisema Littleton, shamba limekufa kwa mwenye deni; akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Maelezo hayo ndiyo yanayotolewa mara nyingi hata leo. Lakini ni ya nyuma kwa miaka karibu 300 kuliko yale ya Glanvill, na yanaficha ubaya wa kwanza, yaani mazao yasiyohesabiwa.

Ubaya wa pili haukuwa mdogo. Mtu aliyechelewa siku moja alipoteza shamba lote, hata kama bei yake ilipita deni mara kumi. Wengi wakakimbilia baraza la Chansela, lililohukumu kadiri ya zamiri njema. Machansela wa zamani walikuwa mara nyingi maaskofu. Katika karne ya 17 baraza lile lilisimamisha haki ya kukomboa: hata siku ikiisha kupita, mwenye deni akileta deni, riba na gharama, arudishiwe mali yake. Na hakuna hila ya maneno katika mapatano iwezayo kugeuza rehani kuwa mauzo. Mwisho, sheria ya 1925 ya Uingereza na Wales iliondoa ile desturi ya kumpa mkopeshaji shamba kuwa lake: mwenye deni anabaki mwenye mali.

Sisi tuliorithi sheria za Wabelgiji hatutumii neno hilo. Twasema ipoteki, neno la Kigiriki, na ndani yake mwenye deni haondoki katika nyumba yake. Lakini ipoteki yataka hati ya kuandikishwa, kadiri ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyofanya udongo wote kuwa mali ya Leta. Watu wengi vijijini hawana hati hiyo. Mtoto akiugua, au karo ya shule ikitakiwa, baba anampa jirani mwenye feza michikichi yake au shamba lake la mihogo, mbele ya mashahidi wawili. Jirani anavuna mwaka hata mwaka, na deni linabaki lile lile. Hapo rehani iliyokufa imefufuka, bila jina.

Nabii mmoja hakutakiwa kutuonyesha hayo. Yatosha kusoma kitabu cha Nehemia, sura ya 5, watu walipolia kwa sababu waliweka rehani mashamba na nyumba zao wapate ngano wakati wa njaa, nao wakubwa wakalazimishwa kuyarudisha.

Kwa hiyo, padri au katekista akiitwa kuwa shahidi wa mapatano ya namna hii, asitie jina lake kabla ya kuuliza neno moja: mazao haya yanapunguza deni, ao hayapunguzi? Kama yanapunguza, yaandikwe kiasi gani kila mavuno, na shamba litarudi mwaka gani. Kama hayapunguzi, jibu lilikwisha kutolewa Tours mwaka wa 1163.