Shimo Usiloliona

Ukifika Tabaka, kule Kisii, utaona mashimo kabla hujaona vinyago. Jiwe la sabuni limechimbwa pale kwa vizazi, kwa sururu na mtaimbo. Wanaume wanachimba na kuchonga, wanawake wanapiga msasa kwa maji mpaka jiwe liteleze. Kinyago kinapakiwa kwa gari, kinaenda Nairobi, Mombasa, Ulaya. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko, iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Shimo nalo halisafiri. Mvua ikinyesha linajaa maji, na wazazi wanakataza watoto kulikaribia.

Naanza na Tabaka kwa sababu nataka kuongea kuhusu bahari, na najua swali litakalofuata: mtu wa milimani, karibu kilomita 800 kutoka Mombasa, bahari inamhusu nini? Ati kwa vile chai ya Nyamira inapitia bandarini?

Inamhusu zaidi ya hapo. Tarehe 1 Novemba 1967, Arvid Pardo, balozi wa Malta, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mataifa tajiri yalikuwa yameanza kumezea mate madini ya sakafu ya bahari. Pardo akataka sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote iwe urithi wa pamoja wa binadamu wote. Nchi changa zilielewa haraka. Zilikuwa zimetoka tu kwa ukoloni. Zilijua mali isiyo na mwenyewe huishia mikononi mwa nani.

Kenya haikukaa pembeni. Mwaka 1972 ujumbe wetu, wakili Frank Njenga akiwa mstari wa mbele, uliwasilisha rasimu iliyotaka nchi ya pwani iwe na haki juu ya samaki na madini hadi maili 200 kutoka ufuoni. Wazo hilo likaingia kwenye Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982. Mkataba huohuo ukasema sakafu ya mbali ni ya wote, na leo inasimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, Kingston. Kenya iliuridhia 1989. Kumbe sakafu ile ni yako pia, hata kama hujui kuogelea.

Na sasa kuna wanaotaka kuichimba. Kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000 kuna madonge yenye ukubwa wa kiazi, yaliyojaa manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Donge moja hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Mwaka 1989 wanasayansi waliburuta plau kwenye sakafu ya bahari mbali na pwani ya Peru, waone itachukua muda gani kupona. Walirudi 2015. Mifereji bado ilikuwa pale. Tabaka angalau shimo tunaliona.

Kama Peru ni mbali, twende Lamu. Kule hawakutafuta madini. Walichimba sakafu ya bahari ili meli kubwa zifike bandari mpya. Wavuvi walilalamika kwamba sehemu zao za kuvulia zinaharibiwa na hawakuulizwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikubaliana nao na kuamuru takriban wavuvi 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulikuja matope yakiwa yameshatibuliwa. Fidia haitagi mayai ya samaki.

Wanaotetea uchimbaji wana hoja: magari ya umeme yanahitaji betri, na machimbo ya kobalti kule Kongo yana machungu yake. Ni kweli. Lakini hakuna aliyeahidi kufunga hata shimo moja la Kongo akipewa bahari. Tutakuwa na mashimo mawili. Isitoshe, kuna betri zinazotengenezwa bila kobalti wala nikeli, na tayari zinaendesha magari barabarani.

Zaidi ya nchi 30 zimetaka uchimbaji huu usitishwe au upigwe marufuku. Upande wa pili, Aprili 2025 rais wa Marekani, nchi ambayo haijauridhia mkataba, alitia saini amri ya kuuharakisha. Yaani kilichomtia Pardo wasiwasi 1967 kimerudi mlangoni.

Kenya ina kiti Kingston. Wajumbe wetu wanaenda pale kwa niaba ya mvuvi wa Lamu, na pia kwa niaba ya mama wa Tabaka anayepiga msasa mchana kutwa. Yeye anajua vile kinyago huondoka na shimo hubaki. Nchi iliyosaidia kuandika sheria ya bahari iseme hapana kwa sauti, kabla plau hazijashuka.