Uzito wa Kupakia: Viti Vinne, Watu Wangapi?

Mnamo Septemba 1936, Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, akaelekea magharibi kuivuka Atlantiki. Ndege yake, Percival Vega Gull yenye usajili wa Kenya VP-KCC, ilikuwa ya aina iliyoundwa kubeba watu wanne. Usiku ule alikuwa peke yake. Pahali pa abiria palijaa matangi ya petroli. Baada ya saa zipatazo 21 injini ilinyamaza, akatua kinamasini Nova Scotia, Kanada, akatoka hai.

Wale watatu ambao wangeweza kuketi naye hawakukosa viti tu, walikosa kilo. Nafasi yao katika mizani ilikwisha kuchukuliwa na mafuta, na hesabu hiyohiyo inamsubiri leo kila anayetafuta ndege ndogo ya mtumba ya kuzungukia nchi na familia yake. Wamarekani wameipa jina, “useful load”. Ni uzito wa juu kabisa ambao ndege inaruhusiwa kuruka nao, ukitoa uzito wa ndege yenyewe ikiwa tupu. Kinachobaki wanagawana rubani, abiria, mabegi na mafuta.

Ukilifasiri neno kwa neno unapata “mzigo wenye manufaa”, na hapo msomaji amekwishapotea. Kwa Mswahili mzigo ni kile kinachofungwa kamba na kuwekwa nyuma. Hakuna anayejihesabu kuwa mzigo, sembuse rubani. “Shehena” ni neno zuri la baharini, lakini nahodha hajitii ndani ya shehena ya jahazi lake. Tafsiri inayofaa zaidi ni “uzito wa kupakia”, kwa kuwa kupakia hakubagui: watu hupakiwa, mabegi hupakiwa, na petroli nayo ni kitu cha kupakiwa.

Istilahi hii inahitaji mwenzake. Ukishajaza matangi, kilo zilizosalia kwa ajili ya watu na mabegi ziitwe “salio”. Kila mwenye simu anajua maana ya kuangalia salio kabla ya kupiga, na ndivyo rubani anavyopaswa kufanya kabla ya kumwalika mtu wa nne.

Tuchukue Cessna 172N, iliyotengenezwa kuanzia 1977 hadi 1980 na ambayo bado inauzwa kwa wingi. Uzito wake wa juu ni ratili 2,300, yaani kilo 1,043. Tuseme ile inayouzwa ina kilo 680 ikiwa tupu. Uzito wa kupakia ni kilo 363. Matangi yake makubwa hutoa lita 189 za kutumika, na lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72, kwa hiyo mafuta yanakula kilo 136. Salio ni kilo 227: watu wazima watatu wa kilo 75, na mabegi yabaki nyumbani. Wakiingia wanne wa kilo 80, mafuta yanabakiwa na kilo 43, yaani lita 60 hivi. Injini inayokunywa kama lita 32 kwa saa itazimaliza kabla ya saa mbili kutimia, na humo ndani lazima ibaki akiba. Kwa kuzunguka mjini zinatosha. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000, hazifiki hata nusu ya njia.

Ndiyo maana wengi wanaosafiri mbali huangukia Cessna 182. Ile ya miaka ya 1970 yenye injini ya nguvu za farasi 230 inaruhusiwa kilo 1,338. Ikiwa na kilo 820 tupu, uzito wa kupakia ni kilo 518. Kwenda Kigoma kwa kilomita 250 kwa saa, ikinywa lita 49 kwa saa, itahitaji lita zipatazo 250 pamoja na akiba ya dakika 45. Hizo ni kilo 180. Watu wanne wa kilo 80 wanaingia wote, na begi dogo kwa kila mmoja. Piper Cherokee 235 ya miaka ya 1960 inavutia zaidi kwa hesabu hii: ilitoka kiwandani ikiweza kupakia uzito unaokaribiana na wake yenyewe. Haina sura ya kifahari, lakini anayenunua kwa ajili ya safari aiangalie kabla ya zile zinazong'aa.

Hatari iko kwenye lile neno “tupu”. Ndege ya miaka 45 si ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kiwanda. Imepakwa rangi upya juu ya rangi ya zamani, imeongezewa redio, imebadilishwa viti, imetiwa viraka. Kila nyongeza ilikata kilo chache kwenye uzito wa kupakia. Mnunuzi asikubali namba ya kitabuni. Aombe hati ya karibuni inayoonyesha uzito wa ndege na mahali kilipo kitovu cha uzito huo, na kama ni ya zamani sana, aombe ndege ipandishwe mizanini, kila gurudumu juu ya mizani yake.

Namba hiyo ikishapatikana bado haijamaliza kazi. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kiko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huipunguza zaidi; injini hupungukiwa nguvu na mabawa hukosa kitu cha kushika. Ndege iliyojaa hadi kilo ya mwisho inayoruhusiwa huenda ikapaa vizuri Mombasa saa sita mchana, lakini Wilson saa hiyohiyo ikaumaliza uwanja bado inajikokota. Rubani anayeondokea Nairobi hupunguza mafuta au watu, au husubiri asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu, baridi ikiwa bado haijatoka.