Madaraja ya Miti Isiyoota: Kale na Uigaji katika Bustani ya T.R. Pugh, Arkansas

Utangulizi

Neno "kale" hubeba heshima katika Kiswahili. Kitu kikiitwa cha kale, msikilizaji huchukulia mara moja kwamba kimepita katika mikono ya vizazi kadhaa, na kwamba umri wake ni ushahidi wa thamani yake. Makala haya yanakusudia kuchunguza mahali pamoja ambapo dhana hiyo inatiwa katika mtihani. Mahali penyewe ni bustani ndogo iliyoko katika mji wa North Little Rock, jimbo la Arkansas, nchini Marekani. Jina lake rasmi ni Bustani ya Ukumbusho ya T.R. Pugh, lakini wenyeji na wageni huijua zaidi kwa jina la Old Mill, yaani Kinu cha Kale.

Kinu hicho hakikuwa cha kale siku kilipopewa jina hilo. Kilijengwa mwaka 1933, na hakikujengwa ili kisage nafaka za wakulima. Aidha, madaraja yake ya waendao kwa miguu, ambayo ndiyo fahari ya bustani hii, yanaonekana kuwa ya magogo na matawi ilhali hayana hata kipande kimoja cha mti. Swali linalozuka ni hili: ikiwa kinu si kinu na mti si mti, bustani hii inaitwa ya kihistoria kwa haki gani?

Bustani yenyewe

Bustani hii ilianzishwa na Justin Matthews, tajiri aliyekuwa akifungua mtaa mpya wa makazi ulioitwa Lakewood. Aliipa jina la rafiki yake, Thomas R. Pugh. Mwaka 1933 ulikuwa mwaka mgumu wa mdororo mkuu wa uchumi, wakati takriban robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Haishangazi kwamba mfanyabiashara aliyetaka kuuza viwanja katika mwaka kama huo alitafuta kitu cha kuwavuta watu na kuwapa hisia kwamba mtaa ule mpya ulikuwa na mizizi.

Mgeni aingiapo hukuta jengo lenye sura ya gofu, limesimama kando ya maji, na ubavuni mwake gurudumu kubwa. Jengo liliachwa makusudi bila ya milango na madirisha ili lionekane kama kinu cha karne ya 19 kilichohamwa na wenyewe. Kutoka hapo njia hupita juu ya maji kwa madaraja ambayo kingo zake ni matawi yaliyosokotana. Magome yamepasuka, mafundo yamejitokeza, pale tawi lilipokatwa pete za umri wake zinahesabika. Kando ya njia kuna visiki, viti vya magogo na hata nyoga. Mgeni akiweka mkono juu ya ukingo wa daraja, ubaridi wa jiwe humwambia kile ambacho macho yake hayakumwambia. Vyote hivyo ni saruji.

Asili ya ufundi huu

Ufundi wa kuigiza mti kwa saruji haukuzaliwa Arkansas. Asili yake ni bustani za Ufaransa katika karne ya 19. Joseph Monier, mtunza bustani kwa kazi yake, alitaka vyungu vikubwa vya miti ambavyo havitavunjika upesi. Alitia wavu wa chuma ndani ya saruji, na mwaka 1867 akapata hataza ya uvumbuzi huo. Mwaka 1875 alijenga daraja la Chazelet, lenye urefu wa karibu mita 14, ambalo huhesabiwa kuwa daraja la kwanza la saruji yenye chuma ndani yake. Kingo za daraja hilo ziliigizwa zifanane na matawi ya miti. Kwa hiyo ile zege ya nondo ambayo leo hujengea maghorofa na madaraja makuu ya dunia ilijifunza kusimama katika daraja la bustani, ikiwa imevaa sura ya mti. Pambo na mhimili vilizaliwa pamoja.

Kutoka Ulaya ufundi huu ulivuka bahari na kufika Meksiko, ambako uliitwa kwa Kihispania trabajo rústico, yaani kazi ya kishamba. Huko ndiko alikozaliwa Dionicio Rodríguez, mwaka 1891, katika mji wa Toluca. Katika miaka ya 1920 alihamia San Antonio, jimbo la Texas, na kutoka hapo akawa fundi wa kuitwa huku na huku katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Matthews ndiye aliyemleta North Little Rock.

Kazi ilianza kwa kiunzi cha nondo na wavu wa waya kilichokunjwa kwa umbo la mti uliokusudiwa. Juu yake ilipigwa zege, na juu ya zege tabaka jembamba la saruji laini. Tabaka hili la mwisho ndilo lililokuwa na roho ya kazi. Fundi alilichonga likiwa bado bichi, kwa vifaa vidogo vya mkononi, akitia mikunjo ya gome na matundu ya wadudu, na aliharakisha kwa sababu saruji haimngoji mtu. Mwisho ilitiwa rangi. Rodríguez hakukubali watu waione siri ya rangi zake. Alizichanganya faraghani wala hakuacha maandishi yoyote ya namna ya kuzitengeneza.

Mafundi wa kila nchi huilinda siri ya kazi yao, lakini katika habari ya Rodríguez siri hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha kujieleza katika nchi aliyoifanyia kazi. Tena, katika miaka hiyo hiyo ya 1930, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Meksiko walirudishwa au walishinikizwa kurudi huko, na wengi miongoni mwao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Mtu wa hali hiyo, asiye na lugha ya kutosha ya kujitetea, mtaji wake ulikuwa ni ujuzi ambao mwingine hakuwa nao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtaa wa Lakewood ulipona kwa mgeni huyu, lakini bustani iliitwa kwa jina la Pugh, na kinu kikaitwa kwa umri ambao hakikuwa nao. Jina la fundi halikuwamo katika mawili hayo.

Kale ya nani?

Kuigiza gome la mti ni jambo moja. Kuigiza wakati uliopita ni jambo jingine. Bustani hii ilifanya yote mawili. Sura iliyochaguliwa ni ya kinu cha Kusini ya zamani, na sura hiyo ilikuja kupata umaarufu mkubwa mwaka 1939, Kinu cha Kale kilipoonyeshwa mwanzoni mwa filamu ya Gone with the Wind. Filamu hiyo iliililia Kusini ya mashamba makubwa kana kwamba ni pepo iliyopotea. Gofu lililojengwa miaka sita tu kabla yake likawa shahidi wa pepo hiyo.

Takwimu, hata hivyo, zinasema vingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1860, Arkansas ilikuwa na watumwa zaidi ya 110,000, yaani takriban robo ya wakazi wake wote. Posho ya mtumwa katika mashamba ya Kusini ilikuwa hasa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe. Kwa hiyo kinu halisi cha wakati ule hakikuwa pambo la kando ya maji. Kilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo uliomfunga anayelima, anayesaga na anayekula. Kinu kisichosaga, kilichozungukwa na maua, humwonyesha mgeni gurudumu bila ya kumwonyesha aliyepeleka gunia. Filamu yenyewe ilionyesha kwa mara ya kwanza katika mji wa Atlanta, Desemba 1939, na Hattie McDaniel, mwigizaji Mweusi aliyepata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata kwa kazi yake katika filamu hiyo hiyo, hakuhudhuria kwa ajili ya sheria za ubaguzi wa rangi. Hivyo basi, wakati Kusini ya kubuni ilipokuwa ikishangiliwa, Kusini halisi ilikuwa bado inafanya kazi yake mlangoni.

Kuiga na kughushi

Hapa msamiati wa Kiswahili unafaa kutumiwa kwa uangalifu. Kuiga si kughushi. Anayeghushi, kama vile muuza maziwa atiaye maji, hutaka mnunuzi asijue. Anayeiga hutaka ustadi wake ujulikane. Neno "bandia" limesimama kati ya maana hizo mbili: katika "noti bandia" linataja udanganyifu, lakini katika "mtoto wa bandia" linataja kitu ambacho mchezaji mwenyewe anajua si mtoto, na bado akakipenda. Daraja la Rodríguez ni la bandia kwa maana hii ya pili. Mguso mmoja wa mkono hufichua kila kitu, na furaha ya mgeni huanza pale pale anapotambua kuwa macho yake yameshindwa. Kwa upande mwingine, jina la Kinu cha Kale liko karibu zaidi na kughushi, kwa kuwa hakuna mguso wa mkono unaoweza kumfichulia mgeni wakati ambao haukuwapo.

Tofauti hiyo, pengine bila ya kukusudiwa, ilitambuliwa mwaka 1986. Katika mwaka huo bustani hii iliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria nchini Marekani, pamoja na kazi nyingine za Rodríguez katika Arkansas, na kundi hilo liliorodheshwa kwa jina lake yeye fundi. Kilichohifadhiwa na sheria si usagaji wa nafaka ambao haukuwahi kutokea. Ni kazi ya mikono ya mtu aliyefariki San Antonio mwaka 1955. Ujuzi wenyewe pia haukukatika: Carlos Cortés, mjukuu wa ndugu yake, aliendelea na kazi hiyo ya saruji, na ndiye aliyeitwa kukarabati sehemu za bustani hii.

Hitimisho

Bustani ya T.R. Pugh basi ina kale mbili. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa katika jina lake, nayo ni ya kubuni. Ya pili ni ile ya mwaka 1933: mdororo wa uchumi, mtaa uliotafuta wanunuzi, na fundi wa Meksiko akichonga gome katika saruji bichi kabla haijakauka. Kale hii ya pili ni ya kweli, na kila mwaka unaopita huiongezea umri. Mwanahistoria hana haja ya kuibomoa ya kwanza ili kuiheshimu ya pili. Ana wajibu wa kuzitenganisha, na wa kulitia jina la fundi mahali palipoachwa wazi. Miti ya madaraja yale haikuota popote, lakini kuna mtu aliyeipanda.