Matumbawe hutaka maji maangavu

Maji ya Mto Tana yapitayo Wema, karibu na Garsen, yana rangi ya udongo. Mto huo humwaga tope lake katika Ghuba ya Ungwana, ndiyo maana matumbawe ni haba mlangoni mwake, ilhali yapo tele Watamu na Kiunga.

Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno, umpao chakula na sehemu ya rangi zake kwa nguvu ya jua. Maji yakichafuka, mwani hukosa mwanga. Joto likizidi, mnyama huutoa akabaki mweupe, kama ilivyotukia pwani ya Kenya mwaka 1998 baada ya El Nino.

Afugaye matumbawe nyumbani katika tangi la kioo hana budi kuiga bahari: chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, joto la nyuzi 25 au 26, taa kali na maji yasiyotuama. Maji yakipungua kwa kukauka, yaongezwe matamu yaliyosafishwa, kwani chumvi haipai pamoja na mvuke. Wengi huongeza ya chumvi, wakashangaa matumbawe yanakufa.