Reli Iliyong'olewa Nachingwea

Wilaya ya Rungwe haijawahi kuwa na kituo cha reli. Mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman alitoa taarifa ya upimaji wa njia ya reli ya kuifungua kusini-magharibi ya Tanganyika. Njia hiyo haikujengwa, na kahawa ya Tukuyu ikaendelea kupanda malori.

Miaka ishirini baadaye, Nachingwea ilipata reli kwa haraka ya kustaajabisha. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, na mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la ekari zaidi ya milioni 3. Kufikia 1949 garimoshi lilikuwa likitoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea, na Mtwara ikaandaliwa bandari ya kina kirefu. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa karanga. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36.

Reli ikabaki bila shehena iliyojengewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa mchanga, ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Kimahesabu uamuzi ule haukuwa na kasoro: mapato hayakufikia gharama. Lakini wakati huohuo wakulima wa kusini walikuwa wakipanda mikorosho, mti usiozaa vizuri mpaka miaka kadhaa ipite. Shehena ilikuwa shambani, ikikua, ila haikuwa na safu katika daftari la mhasibu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini, nazo zikasafirishwa kwa barabara za vumbi na tope.

Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoifanya Benki ya Dunia, mwaka 1964, ione kwamba reli ya kwenda Zambia haitalipa. Nyerere na Kaunda walikwenda China, na Mbeya ikapata kituo chake cha TAZARA. Tukuyu ingali mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka hapo.

Sasa inazungumzwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Liganga na Mchuchuma, na hoja yake kuu ni chuma na makaa ya mawe. Kabla mkandarasi hajaitwa, ningependa kuona katika andiko la mradi ukurasa unaoonyesha korosho za Masasi na Nachingwea zitapakiwa kituo gani, na kwa nauli ipi.