Filipendula ulmaria

Filipendula ulmaria ni mmea wa maua wa porini katika familia ya waridi (Rosaceae). Asili yake ni Ulaya na Asia ya magharibi, ambako huota kwenye malisho yenye unyevu na kando ya mito na mitaro. Wafaransa huuita "malkia wa malisho".

Maelezo

Mmea huu huishi miaka mingi na hufikia urefu wa mita 1 hadi 2. Shina lake mara nyingi huwa na wekundu. Majani ni ya kijani kibichi juu, na chini huwa na manyoya meupe. Kuanzia Juni hadi Septemba hutoa mashada ya maua madogo yenye rangi ya maziwa, yanayonukia kama asali na lozi. Jani likifikichwa hutoa harufu nyingine kabisa: kali, kama ya dawa ya kuchulia misuli.

Matumizi ya jadi

Mabaki yake yamepatikana katika makaburi ya Zama za Bronzi huko Scotland. Waingereza wa kale waliutia katika pombe ya asali ili kuikoleza. Baadaye ulitandazwa sakafuni ili nyumba inukie, na mwaka 1597 John Gerard aliusifu kuliko mimea mingine yote ya kazi hiyo.

Katika tiba, maua makavu huloweshwa kwenye maji ya moto na kunywewa kama chai, kutuliza homa, mafua, maumivu ya viungo, kiungulia na kuhara.

Uhusiano na aspirini

Tiba hiyo ya homa na maumivu ina msingi, kwani mmea una kemikali za jamii ya salisilati, ile ile ya aspirini. Katika miaka ya 1830 wanakemia walipata asidi ya salisili kutokana na maua yake. Wakati huo uliitwa Spiraea ulmaria, jina alilolitoa Carl Linnaeus mwaka 1753. Kampuni ya Bayer ilipoiita dawa yake Aspirin mwaka 1899, silabi "spir" ilitoka katika jina hilo. Vidonge vyenyewe hutengenezwa kiwandani, si kwa maua.

Tahadhari

Anayedhuriwa na aspirini asinywe chai hii. Vilevile haifai kwa watoto, wajawazito na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mitishamba nayo ni dawa. Mwone daktari kwanza.